Mama mdogo hayumo kwenye fomu

Barua ya wazi kwa Waheshimiwa Mawaziri mnaosimamia kazi na utalii, Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi, na wakuu wa manispaa na halmashauri za Unguja na Pemba

Assalaam alaykum.

Mimi ni mhudumu wa meza katika hoteli moja ya pwani ya mashariki, Unguja. Kwetu ni Pemba, upande wa Wete. Kazi hii nimeianza mwaka 2009, na kwa muda huo nimeshabeba sahani za kutosha kumjua mgeni atakayerudisha mayai jikoni kabla hajavuta kiti. Siandiki kulalamikia mshahara. Mshahara una watu wake wa kuusemea. Ninachotaka kuwaambieni ni habari ya saa: nani anazipanga, zinakatwa wapi, na sisi tunabakishiwa vipande gani.

Nianze na fomu.

Mwaka juzi, mwezi wa pili, nilikuwa napanga vikombe vya chai ya asubuhi. Saa kumi na mbili kasorobo. Simu ikatetemeka mfukoni, nikaipokelea nyuma ya mlango wa jikoni kwa sababu ukumbini haturuhusiwi. Alikuwa kaka yangu. Hakusalimia. Alisema, "Mama mdogo katutoka. Tunazika adhuhuri."

Mama mdogo huyo ndiye aliyenilea. Mama yangu mzazi alipojifungua mdogo wangu na kuugua, nilipelekwa kwake nikiwa na miaka mitatu, nikakaa mpaka nikamaliza skuli. Nguo yangu ya kwanza ya sikukuu alinishonea yeye. Nikaenda kwa meneja. Meneja si mtu mbaya, naomba hilo lieleweke. Alinipa pole, akanikalisha kwenye kiti chake mwenyewe, akafungua kabati akatoa fomu ya likizo ya msiba. Ilikuwa na visanduku vinne: baba, mama, mume au mke, mtoto. Akaniuliza marehemu ni nani yangu. Nikamwambia mama mdogo. Akapitisha kalamu kutoka kisanduku cha juu hadi cha chini, halafu akarudi nayo kutoka chini hadi juu, kama mtu anayetafuta funguo kwenye mfuko anaojua kuwa ni mtupu. Akasema ataniombea kwa ofisi kuu. Ofisi kuu hufunguliwa saa tatu.

Boti ya asubuhi ya bandari ya Malindi, mjini Unguja, nisingeiwahi hata kwa kuruka. Ilikuwepo ndege ndogo ya Chake Chake, ile ambayo hewani huchukua kama nusu saa, na rafiki yangu wa uwanjani alishanishikia nafasi. Jibu la ofisi kuu lilikuja saa nne na robo: siku moja, bila ya malipo, kuanzia kesho. Wakati mama mdogo anasaliwa mimi nilikuwa nachonga tikiti maji umbo la ua kwa ajili ya bafe ya mchana.

Nilifika kesho yake, saa nane. Wanaume walishatawanyika, jamvi moja limebaki barazani. Mtoto wa kaka, ana miaka tisa, ndiye aliyenishika mkono akanipeleka makaburini, maana yeye alikuwepo. Yeye ndiye aliyenionesha mimi kaburi la mama yangu. Alfajiri nikapanda boti kurudi, na hitma ya siku ya tatu ikasomwa mimi niko kwenye chai ya asubuhi, namuuliza mtu anataka mayai yake vipi.

Wenzangu walinicheka, kwa mapenzi. "Ungesema mama, ukanyamaza. Nani angekuuliza mdogo au mkubwa?" Wanasema kweli, na kwa Kiswahili chetu nisingekuwa nimesema uongo. Lakini mimi nilishatamka. Tangu siku ile nimeanza kuelewa mambo ambayo zamani nikiyaona mzaha. Pale kazini yupo kijana ambaye mama yake, kwa mujibu wa faili, amefariki mara mbili.

Sisemi fomu ile iliandikwa kwa ubaya. Iliandikwa pahala pengine, kwa ajili ya watu wengine. Uingereza maiti hukaa wiki mbili au tatu kabla ya kuzikwa. Jamaa wanapatana tarehe, wanamwarifu mwajiri, wanakata tiketi. Kule dada yake mama ni dada yake mama, basi. Kwetu aliyekufa alfajiri adhuhuri yuko chini ya ardhi, na dada yake mama ni mama, kaka yake baba ni baba, na mtoto wa ndugu yako ukimwita jina jingine lisilokuwa mwanangu watu watakushangaa. Fomu hiyo inatumika katika nchi ambayo karibu kila nyumba ina kofia ya maziko iliyotundikwa msumarini. Na kila mwaka mwajiri hukaa akashangaa mbona wafanyakazi wa Kizanzibari wanatoroka.

Sasa rota, yaani ratiba ya zamu.

Mimi nafanya ile tunayoiita zamu ya kukatika. Naingia saa kumi na mbili alfajiri, natoka saa nne na nusu. Narudi saa kumi na mbili na nusu magharibi, natoka saa nne na nusu za usiku. Ukitoa nusu saa ya kula, kwenye karatasi ni saa nane, na hakuna mkaguzi atakayeona kosa. Lakini siku yangu imefunguliwa alfajiri ikafungwa usiku, na katikati nimepewa mchana mtupu. Mke wangu na watoto wako mjini, Amani. Gari ya shamba saa moja na nusu kwenda, saa moja na nusu kurudi, ikiwa haikungoja abiria. Mwanzo nilikuwa nakwenda. Nafika mchana, mtoto wa mkondo wa asubuhi hajatoka skuli, wa mkondo wa jioni anavaa viatu. Tunapishana mlangoni. "Baba, shikamoo." "Marahaba." Kwa mwaka mzima hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yetu, mimi na binti yangu mkubwa. Sasa nabaki kambini, nalala, natazama mpira wa jana kwenye simu.

Mnajua, Waheshimiwa, kwa sababu nyinyi pia mmezaliwa hapa, kwamba wakati wa watu kuwa watu katika visiwa hivi ni baina ya alaasiri na isha. Hapo ndipo kahawa inapotoka, mpira unapochezwa, mgonjwa anapotazamwa, posa inapopelekwa, ugomvi wa mpaka wa kiwanja unapomalizwa. Ofisi zenu zinafungwa saa tisa na nusu, na nadhani aliyeiweka saa hiyo alikuwa mtu wa hapa. Hoteli inaturudisha kazini nyinyi mngali barazani. Mtu wa zamu ya kukatika anaweza kuishi miaka kumi katika kijiji asijulikane na imamu wa msikiti wake.

Hata hiyo rota yenyewe hatuijui mapema. Inatumwa kwenye kundi la WhatsApp usiku wa kuamkia siku yenyewe. Ofu yako ya Jumatano inahamia Ijumaa, ya Ijumaa inafutwa kwa sababu kundi la wageni limewahi ndege. Huwezi kumwambia mtu utakuja harusini kwake. Mimi nimeshaacha, siku hizi natoa mchango tu, na mchango unafika bila ya mimi. (Na saa zake ni za Kizungu. Mwaka jana alikuja kijana mpya kutoka Makunduchi, rota ikasema 7. Akafika saa saba barabara, mchana, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Akapewa barua ya onyo. Tulicheka sana, lakini yeye alikuwa sahihi kwa saa za bibi yake na za bibi yangu.)

Nisije nikadhaniwa mvivu. Kazi naijua tangu utoto, na kazi ya kwetu haikuwa nyepesi. Msimu wa karafuu Pemba, asubuhi umande haujakauka watu wameshapanda mikarafuu, na ngoe za kuvutia matawi, na mapakacha yamening'inia. Jioni mzigo unashuka, na usiku ndio kuchambua: karafuu huku, makonyo kule. Mama mdogo akimwaga lundo katikati ya baraza, taa ya chemni juu ya kinu kilichopinduliwa, watoto wa nyumba nne tumezunguka. Tulilipwa kwa pishi. Mkono unakwenda wenyewe, mdomo uko huru. Hapo ndipo nilipojua nani katika ukoo wetu alikwenda Mombasa asirudi, na kwa nini bibi hasemi na mtu fulani wa mtaa wa pili. Mtoto akisinzia anaegemea begani kwa aliye karibu, awe ndugu awe jirani. Ukilala, vidole vinanuka karafuu mpaka ndotoni. Kesho zinaanikwa, na wingu likitokea kijiji kizima kinakimbilia majamvi, hata waliogombana.

Sitaipaka asali. Watu walianguka mitini, wengine hawakuinuka. Watoto tulikosa skuli. Lakini kazi ile ilifanyiwa ndani ya watu. Hukuhitaji ofu ili uonane na mama yako, kwa sababu mama yako alikuwa upande wa pili wa lundo.

Shemeji yangu wa Jambiani analima mwani. Kilimo cha mwani wa kuuza kilianza pwani ile mwaka 1989, na wengi walioingia ni wanawake. Ni kazi ya maji ya kiuno, mgongo umepinda, na bei yake mnaijua. Bahari nayo imepata joto, ule mwani wenye bei unakufa. Nilimwambia aje hotelini, nimtafutie nafasi ya kufua mashuka. Akakataa. Akasema bamvua likiingia, maji yakatoka mbali, anashuka, maji mafu yakija anakaa nyumbani, na shughuli zake zote, harusi, kikoba, kumpeleka mtoto kliniki, amezipanga humo humo. "Bahari haibadilishi rota usiku," alinambia. Sikuwa na la kumjibu.

Kazi yangu ina faida moja ambayo haimo kwenye mkataba. Nasikia watu wa dunia nzima wakizungumzia kazi zao wakiwa hawako kazini, na mtu aliye likizo husema kweli. Mwaka 2023 tulipata wageni zaidi ya laki sita. Sisi kwa sensa ya 2022 ni watu 1,889,773. Yaani kwa kila wenyeji watatu, mgeni mmoja alikuja kupumzika. Nimewauliza wengi wanapumzikaje kwao, na nani aliyewapa.

Mzee mmoja wa Kifaransa, fundi wa reli aliyestaafu, alinieleza kwamba babu yake aliiona bahari kwa mara ya kwanza mwaka 1936. Mwaka huo wafanyakazi wa Ufaransa waligoma, viwanda vikasimama, na ikapitishwa sheria ya wiki mbili za likizo yenye malipo kwa kila mfanyakazi. Watu wakapanda treni kwenda pwani, na vyungu vyao. Leo ni wiki tano, na wiki ya kazi kisheria ni saa 35. Tangu 2017 kampuni zenye wafanyakazi kuanzia 50 zinatakiwa kupatana nao juu ya haki ya kutojibu simu na barua pepe za kazi wakiwa nyumbani. Mzee aliponiambia hilo simu yangu ilikuwa inatetemeka mfukoni, ilikuwa rota.

Mjerumani Jumapili anakuta duka limefungwa na hanung'uniki. Mapumziko ya Jumapili yamo ndani ya katiba yao, kifungu kilichoandikwa mwaka 1919 na kubebwa mpaka katiba ya sasa. Wataliana, ambao Kiwengwa tunawajua kama majirani, jioni hawajui kukaa chumbani: wanavaa, wanatoka, wanatembea taratibu kwenda na kurudi njia ile ile, wakisalimiana. Kwao jambo hilo lina jina lake, passeggiata, na barabara za katikati ya miji mingi hufungiwa magari jioni ili watu wapite. Nikiwatazama wakifanya hivyo ufukweni kwetu huwa nakumbuka Forodhani, kabla na baada ya ukarabati wa 2009, familia nzima imetoka, mtoto ameshika muhogo wa kuchoma. Ni kitu kimoja.

Halafu kuna Wamarekani. Hawa wana pesa kuliko wote niliowataja, lakini sheria ya taifa lao haimlazimishi mwajiri kutoa hata siku moja ya likizo yenye malipo. Nawatambua kabla hawajataja nchi: wamekuja siku nne, na kompyuta iko mezani baina ya juisi na mkate. Na Wajapani, ambao hawana umasikini wa kutuonesha, wana neno zima, karoshi, la kifo kinacholetwa na kazi kupita kiasi. Mwaka 2014 walilazimika kutunga sheria ya kukizuia.

Nilipoyaweka haya pamoja nikaona kwamba tajiri anaweza asipumzike, na fundi wa reli akapumzika. Linalowatenganisha ni kwamba mahali fulani mtu mwenye mamlaka alikaa akaandika saa ngapi kazi ikome. Ndiyo maana nawaandikia nyinyi, simwandikii meneja wangu.

Wala tusijifanye kwamba haya ni mambo ya Ulaya. Mwaka 1948 wachukuzi wa bandari ya Unguja waliweka mizigo chini, na mgomo ukaenea mji mzima. Ulishamalizika pale mwezi wa Disemba wa mwaka huo huo Umoja wa Mataifa ulipokutana Paris ukapitisha Tamko la Haki za Binadamu, ambalo kifungu chake cha 24 kinasema kila mtu ana haki ya kupumzika, na saa za kazi ziwe na mpaka. Wazee wetu wa bandarini hawakungoja kusomewa. Na kabla yao, mwaka 1905, klabu ya taarab ya Ikhwan Safaa ilianzishwa hapa mjini na watu waliokuwa na jioni zao. Nawaza tu: zamu ya kukatika isingetuzalia klabu ya taarab. Mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi, angekuwa kwenye bafe.

Kuna jambo la pili, dogo kwa karatasi, na ni la pahala. Mtu akipata saa yake, akaitumie wapi?

Kijijini ninapoishi, njia ya kwenda pwani imepita baina ya kuta mbili za hoteli. Nimeipima kwa mikono: nikinyoosha yote miwili nagusa huku na kule. Mwanamke mwenye polo la mwani kichwani akikutana na mwenzake, mmoja lazima arudi nyuma. Zamani hapo palikuwa wazi, na maji yakitoka vijana walikuwa na uwanja wa mpira usiokuwa na mwisho, mstari wa goli ni ndala mbili. Bado wanacheza, lakini walinzi huwasogeza kila upande, kwa sababu mpira humfikia mgeni aliyelala. Nimemwona mlinzi mmoja akiwafukuza, naye ni nahodha wao siku akiwa ofu. Alikuwa anafukuza huku anawaelekeza namna ya kupiga krosi.

Mjini nako mnajua. Kila kiwanja ambacho mtoto anaweza kurukia kamba kinaonekana na mtu kuwa ni maegesho ya magari yaliyochelewa kujengwa. Mabloki ya Michenzani, yaliyochorwa na Wajerumani wa Mashariki, hayakuchorewa mabaraza ya mawe kama ya Mji Mkongwe, lakini yaliachiwa nafasi pana chini, na watu wakazifanya maskani wenyewe: keram, dhumna, dele la kahawa. Serikali ya leo inapojenga nyumba mpya naona lifti, naona maegesho. Baraza silioni.

Huko Uhispania, katika kijiji cha Algar, wazee wanatoa viti nje jioni ya joto wakazungumza mlango kwa mlango. Mwaka 2021 meya wao alianzisha harakati UNESCO itambue ukaaji huo kuwa ni urithi. Nilipoisoma nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Oman, ambako nusu yetu tuna wajomba, majlis yao pamoja na ya majirani zao imo kwenye orodha hiyo tangu 2015, na mjomba wangu anasema mtaani kwao watu walichangishana wakajenga ukumbi wa kukaa tu, una mazulia na kahawa, wa harusi na wa msiba. Sisi Mji Mkongwe umo kwenye urithi wa dunia tangu 2000, na mabaraza yake yamo ndani ya hesabu. Lakini baraza ambalo wenyewe wako zamuni ni ngazi pana tu. Watalii wanalipiga picha tupu.

Na nyinyi Wajumbe, chombo chenu mmekiita Baraza tangu 1980. Jina hilo halikutoka kwenye bunge la mtu. Limetoka kwenye jiwe la nje ya nyumba, ambapo mtu yeyote anayepita akisalimia anapewa nafasi.

Ninayoyaomba si mengi. Sheria ya Ajira Namba 11 ya mwaka 2005 mnayo, kanuni zake mnaweza kuzigusa bila ya kusubiri mwaka mwengine wa bajeti. Rota itolewe wiki moja kabla, ibandikwe ukutani, na anayeibadilisha alipe, mtaona itakavyotulia. Zamu ya kukatika iwe na kikomo, tuseme siku tatu kwa wiki, nyengine mtu afanye mfululizo aende kwake. Hoteli yenye vyumba mia inaweza kupanga hivyo, kwa sababu nyumbani kwao wenye hoteli hizo wanapanga hivyo.

Fomu ya msiba ifutwe visanduku. Iandikwe "ndugu", basi, na sheha wa marehemu athibitishe kwa simu. Sheha anajua nani alimlea nani kuliko ofisi yoyote. Ruhusa itolewe papo hapo na aliyepo zamuni, si kwa ofisi kuu ya saa tatu. Najua mtaambiwa watu watatumia vibaya. Wapo watakaotumia vibaya. Hata sasa wanatumia vibaya, ila wanalazimika kuwazika mama zao walio hai.

Ukaguzi wa kazi naomba ufanywe na saa nne za usiku pia, gari la wafanyakazi linapokuwa halipo na wasichana wa jikoni wanatembea barabarani kwa tochi ya simu kwenda walikopanga. Mkaguzi akija mchana atatukuta wote tumelala, atadhani tunapumzika.

Kwa upande wa halmashauri: kibali cha ujenzi wa ufukweni kisitoke bila ya njia ambayo watu wawili wenye mizigo wanaweza kupishana, na kipande cha mchanga ambacho mpira ukipigwa hakuna wa kuuliza. Na mnapojenga nyumba za serikali, mwambieni mchoraji aweke baraza chini. Ni saruji kidogo sana. Urefu wa mtu aliyelala, upana wa mtu aliyekaa na aliyempangia kete mbele yake.

Kuhusu Ijumaa sisemi kitu, kwa sababu hoteli nyingi siku hizi zinaruhusu kwa zamu, na mwenye kushukuru hutaja na jema. Ramadhani nayo ina mambo yake, yanahitaji barua nyengine.

Jina langu nimeliacha kwa sababu mkataba wangu unaisha mwezi wa sita. Lakini mkitaka kunijibu sijifichi sana. Nikiwa ofu huwa niko kwenye baraza la kona nyuma ya soko, pale Amani, kuanzia alaasiri, upande wa wachezaji wa bao. Nafungwa kila mara, kwa hiyo mtanijua. Kahawa itakuwa juu yangu. Nilitaka kuwaandikia kwamba njooni Jumatano ijayo.

Ila rota imeingia sasa hivi, saa nne na dakika hamsini usiku, nikiwa namalizia mstari huu. Jumatano nina chai na chakula cha usiku. Ofu imehamia Jumatatu, na imeandikwa "itathibitishwa".

Wassalaam,
Mhudumu wa meza, pwani ya mashariki, Unguja